Gamba la Mkiani

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa makumbusho ametangaza: atakayeeleza vizuri muundo wa magamba ya samaki wetu wa kale aliyeganda kwenye jiwe, atakabidhiwa maabara. Maabara moja, wagombea wawili: mimi na Miwani. Miwani ana digrii. Mimi nina akili! Kumkata samaki ni marufuku, maana ni huyo huyo mmoja. Nimeng'oa gamba moja tu, chini ya mkia. Nani huangalia mkia?

Jumanne, 5 Machi
Nimelisugua gamba hadi likapitisha mwanga. Chini mfupa, juu tabaka zinazong'aa kama jino, moja juu ya nyingine. Samaki alivyokua ndivyo alivyoziongeza. Nimehesabu kumi na saba.

Tatizo ni pengo. Magamba haya yameshikana, kijino cha hili ndani ya tundu la jirani, na sasa majirani wanachezacheza. Nimekata ukucha wa kidole gumba, nikauchonga pembe nne, nikaupaka rangi ya kucha ya mke wangu, nikaubandika pengoni kwa gundi. Mke wangu ameuliza mbona nanukia saluni. Nimefungua madirisha.

Jumatano, 6 Machi
Miwani kamwambia Mkuu eti gamba la mkiani linang'aa kuliko yote. Roho juu! Nimejaribu kuubandua ukucha wangu. Wapi! Umeota kijino, kimezama kwenye tundu la jirani. Gundi haioti meno. Nimeogopa, nakiri.

Nimerudi kulihesabu gamba kwenye hadubini. Tabaka kumi na nane.

Alhamisi, 7 Machi
Kumi na tisa. Kwenye kidole gumba hapaoti ukucha, panaota kitu cha pembe nne, kigumu, cha baridi. Mke wangu amekigonga kwa kijiko, kikalia kama sahani. Amesema niende hospitali, na kabla ya hapo nisimshike mtoto. Nimemwambia kesho kutwa. Kesho naeleza.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeeleza, mkono mmoja mfukoni. Nimedai kwamba gamba nililiokota kwenye kasha la samaki. Mkuu amefurahi mno. Miwani, kijicho hicho, akadai gamba moja si ushahidi. Mkuu amesema nikiokota la pili, maabara ni yangu.

Nimekwenda kumwona samaki. Wiki nzima jicho lake la jiwe lilitazama juu. Leo linatazama mkiani. Nimetega sikio. Ndani ya jiwe kumekwaruza, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Wahenga hawakugombea maabara! Kibano ninacho. Kucha bado ninazo tisa.