Mlozi wa Langoni

Jumatano, 1 Machi

Siku ya Bibi Machi, bikizee mwenye hasira za majira. Kila mkono mjini una uzi mwekundu na mweupe, hata mkono wa muuza nyama. Nami ninao. Velika, mwenye kitalu, hunifunga mwenyewe kila mwaka, kama afungaye mche kwenye kijiti.

Alipomaliza kufunga, akatangaza. Lango ni moja, wauzaji ni wawili. Atatazama hadi sikukuu ya Blagovets, tarehe ishirini na tano. Atakayevuta watu wengi zaidi atapewa lango. Mwingine atahamia nyuma, kando ya lundo la samadi.

Nimekaa langoni na miche yangu miaka kumi na mmoja! Na mwaka huu, baada ya miaka tisa ya kuchavusha kwa brashi, heleboro wangu mweusi, mmea wa majira ya baridi, umechanua kwa mara ya kwanza. Maua manne. Nani atazunguka lundo la samadi ili atazame maua manne yanayoinamisha vichwa?

Mpinzani ni Tsanko. Anauza mapambo ya bustani: vibeti wa plasta wenye kofia nyekundu, simba wa saruji, kisima kisicho na maji. Alinitaka nisijali, eti huko nyuma kuna joto, Mwalimu, samadi haijawahi kumtupa mtu. Watu walicheka. Nimeyaandika majina yao.

Ijumaa, 3 Machi

Sikukuu ya taifa. Kitalu kimefungwa. Nimefikiri kwa utaratibu.

Kila mtu amevaa uzi. Uzi hauvuliwi mpaka mvaaji amwone korongo wa kwanza, au mti wa matunda uliochanua. Hapo huufunga tawini na kuomba jambo moja. Korongo bado wako Afrika. Miti bado imelala. Kwa hiyo, mwenye mti wa kwanza kuchanua ndiye mwenye mji.

Nina mlozi, mti wa lozi, ndani ya pipa, katika banda la kioo. Nimeongeza kuni kwenye jiko. Heleboro hauvumilii joto, nimeutoa nje, nyuma ya banda. Utasubiri. Umesubiri miaka tisa.

Jumatano, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Leo kila mwanamume mjini hununua maua, akiwamo asiyempenda mkewe.

Mlozi ulichanua saa tatu asubuhi. Niliusukuma hadi langoni kwa toroli. Watu arobaini kabla ya adhuhuri! Walifunga nyuzi, waliomba, walipiga picha. Kisha walivuka hatua sita na kununua vibeti. Bwana mmoja alimnunulia mkewe kibeti anayekojoa. Siku ya Wanawake! Nilimuuliza bwana huyo mkewe amemkosea nini. Akanijibu kwamba kibeti hahitaji kumwagiliwa, yeye hujimwagilia, na zaidi ya hayo hamkodolei mteja macho kama mimi.

Haidhuru. Velika anahesabu vichwa, wala hahesabu vikapu. Niko mbele.

Alasiri Tsanko alisimamisha nguzo, juu yake gurudumu la mkokoteni, juu ya gurudumu korongo wa plasta. Akawaita wapita njia: korongo wa kwanza ndiye huyu, jamani, kafika kabla ya wenzake kwa sababu kapanda lori. Nilipanda juu ya ndoo na kuwaeleza wote kwamba desturi inataka kiumbe hai, na kwamba anayewaonyesha watu kitu bandia ili wavue nyuzi zao ni laghai. Neno laghai nililisema mara mbili, polepole, ili liandikike.

Jumapili, 12 Machi

Sakitu! Umande umeganda. Bibi Machi ameamka vibaya. Lango lote jeupe. Maua ya mlozi yamekuwa ya kahawia, kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika.

Mti uliolazimishwa kuchanua kwa joto hautolewi nje mwezi wa Machi. Nililifundisha jambo hilo kwa miaka thelathini na miwili. Kwa hiyo kosa ni la baridi.

Nimekwenda kwa mama anayeuza maua ya kitambaa nje ya makaburi. Nimenunua yote meupe. Gundi ninayo. Nimebandika maua mia moja themanini na sita, petali tano kila moja. Yenye petali sita niliyakataa. Mimi si mtu wa kudanganya watu kuhusu petali.

Ijumaa, 17 Machi

Siku nne mambo yalikwenda vizuri kabisa. Leo akaja Bibi Rusana.

Ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa bado na uzi wake, akisema haombi mbele ya mti wowote ule, anataka mti wenye adabu. Wangu aliuona una adabu. Akafunga uzi, akaomba kwa sauti: mwanawe Yavor, dereva wa malori huko Uhispania, arudi nyumbani Pasaka hii, miaka mitatu sasa hajaonekana. Kisha akainama kunusa.

Ua lilibaki puani.

Gundi haikauki vizuri katika baridi. Nilijaribu kumweleza hilo. Alilibandua, akalitazama kwa karibu, akalitambua. Maua ya namna ile ile alimpelekea marehemu mumewe Jumamosi! Alipaza sauti hadi kituo cha basi kikageuka: Mwalimu mzima, mwenye vitabu vyake, kaniombesha mwanangu kwenye maua ya maiti! Akaniuliza kama nimeyang'oa kwenye kaburi la mumewe. Nilimjibu kwamba nimeyanunua, tena bila punguzo. Hilo halikumtuliza. Alinipiga kwa fimbo, mara mbili, pigo la pili likiwa sahihi kuliko la kwanza.

Tsanko alimletea kiti. Bila shaka! Na chai. Na bega. Bibi Rusana akaufungua uzi wake mlozini, akaomba ainuliwe, akaufunga kwenye mguu wa korongo wa plasta. Huyu, alisema akinitazama mimi, angalau hajawahi kuficha kwamba ni plasta.

Watu wote wakahamisha nyuzi zao. Walipanga foleni kufanya hivyo.

Jumamosi, 25 Machi

Blagovets. Saa nne na dakika kumi korongo wa kweli alizunguka juu ya kitalu mara tatu, akatua kwenye gurudumu la Tsanko, kando ya yule wa plasta. Akapiga mdomo kama mtu anayegonga vijiko. Akamwinamia. Akamwinamia plasta!

Mji mzima ulikuwa langoni. Kisha ndege yule akashuka kwenye mlozi wangu, akang'oa ua la kitambaa, akapanda nalo kutengeneza kiota. Walipiga makofi. Alirudi mara saba.

Bibi Rusana aliniarifu, kwa sauti ya kutosha kuvuka barabara, kwamba Yavor amepiga simu asubuhi: amepakia machungwa, anakuja. Velika alielekeza kidole gumba nyuma.

Tsanko aliniletea samaki wa sikukuu kwenye sahani, bado wa moto, akasema tule pamoja, Mwalimu, kazi ni kazi. Nilimla samaki kwa hasira. Mifupa niliirudisha.

Uzi wangu sijauvua. Kukiri kwamba nimemwona korongo yule ni kumkubali.

Jumatatu, 27 Machi

Nyuma. Kipimajoto kando ya lundo kinaonyesha nyuzijoto kumi na tisa. Tsanko alisema kweli kuhusu samadi. Hataambiwa.

Saa tano Velika alikuja peke yake. Aliuona heleboro, akachuchumaa, akainua ua moja kwa ncha ya kidole. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa nini mwezi mzima sikuliweka hili tu langoni. Angeliacha lango mikononi mwangu, alisema, kwa ua hili moja.

Ndivyo wasemavyo watu wasiojua biashara.

Nimerudia hesabu yangu yote. Hoja zilikuwa sahihi, nilikosea ngazi moja tu. Watu hufuata korongo. Korongo hufuata vyura. Nimehamisha heleboro nyuma kabisa ya lundo, ili kupata nafasi ya kuchimba dimbwi.

Nimeagiza vyura sitini. Hai. Wanafika Jumatano, kwa basi.