Uyoga wa Chumba cha Kulala

Jumatatu, 24 Februari
Nimeanza kilimo. Mifuko ya mabua inaning'inia chumbani kwetu, kitanda kimegeuka ghala, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Giza totoro. Uyoga unapenda giza. Mke wangu hapendi. Amehamia sebuleni na mkeka wake bila neno. Afadhali angegomba.

Fundi cherehani wa jirani, ambaye uyoga wake hujaza beseni kila wiki, alichungulia akauliza kama nilichemsha mabua kabla ya kutia mbegu. Nikamwambia nimeyasuuza. Akasema kusuuza si kuchemsha. Wivu huo! Nimalize mkaa kupikia majani makavu, kwani nina ng'ombe mgonjwa?

Jumapili, 2 Machi
Utando mweupe unatambaa ndani ya mifuko kama pamba. Naingia kuutazama kila ninapokumbuka, na nakumbuka mara nyingi. Fundi anasema nisifunguefungue mlango, uyoga hautaki wageni. Mimi mgeni? Mimi mwenye nyumba.

Nyama nimeisimamisha. Nimemweleza mke wangu kwamba uyoga una protini, una madini, hauna mafuta ya kuziba moyo, basi tuzoee mapema. Akauliza tunazoea nini, na uyoga wenyewe haujaota. Tumekula mchuzi mtupu, kila mtu akitazama bakuli lake.

Ijumaa, 7 Machi
Kijani. Utando ulianza kugeuka kwenye mfuko wa dirishani, sasa karibu mifuko yote. Chumba kinanuka kama soksi za marehemu.

Nikamwambia mke wangu aina za uyoga ni nyingi: kuna wa mviringo kama vifungo, kuna wa kofia pana, kuna wa kuota kwenye magogo, na huu wa kijani ni adimu sana. Alikuwa anakohoa. Kikohozi kilipompa nafasi akasema dada yake ana chumba kitupu. Ijumaa ijayo akute uyoga wa kuliwa au kitanda cha kulalia. Kimoja tu. La sivyo, anaondoka.

Kurudisha kitanda ni kukubali kushindwa. Basi ni uyoga.

Alhamisi, 13 Machi
Nimevuta kofia hadi puani, nikaenda kwa fundi kununua uyoga, nikasema ni wa shangazi yangu mgonjwa. Akanifungia vizuri. Akasema nimpe shangazi pole, na nimwambie achemshe mabua. Watu wengine husema ovyo.

Nimeuchomeka kwenye mifuko, mmoja mmoja, kwa njiti za meno. Kazi safi. Hata mimi nilisahau kidogo kwamba si wangu.

Ijumaa, 14 Machi
Mkoba wa mke wangu ulikuwa tayari mlangoni. Nikamshika mkono, nikafungua chumba polepole. Akasimama. Uso ukamlainika, naapa. Akasema pengine alinihukumu mapema, akarudi akausukuma mkoba ndani kwa mguu. Ningekufa pale pale, ningekufa mshindi.

Kisha akachuma mmoja apike. Akaugeuza. Akachuma wa pili. Akakaa juu ya mabua, njiti mbili kiganjani.

"Mume wangu," akasema, "uyoga wako una mifupa."

Nikamwambia hayo ndiyo yale madini. Zamani angecheka. Aliziweka njiti kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja, akachukua mkoba.

Jumapili, 16 Machi
Nyumba kimya. Nimepiga simu, akapokea shemeji. Anasema kikohozi kimepungua, mwenzangu analala usingizi mzuri, na hana la kuniambia.

Fundi amenijia na pipa lake la kuchemshia. Hakunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Akasema leo nichemshe uchafu wote huo, nikautupe, nitandike kitanda, kesho nikamfuate mke wangu na shuka safi kama ushahidi. Nikamshukuru. Pipa zuri sana. Nimesuuzia humo mabua mapya.

Halafu nikafungua kabati la nguo la mke wangu. Tupu, hanga tu. Nikasimama mbele yake muda mrefu, nikitafuta hata harufu yake. Nikaingiza kichwa ndani.

Giza zuri. Unyevu upo. Upepo hakuna. Na hanga zinatosha mifuko yote.