Adui wa Masafa Yetu

Jumatatu, 15 Januari 1979
Mafinga. Vituo vinne vya redio ya upepo, masafa mamoja, na mengine hatupewi. Tunagawana nusu saa kila asubuhi. Chunya kwanza, sisi wa kiwanda cha mbao mwisho. Leo tena Maganga, wa ghala la tumbaku Chunya, kamaliza zamu yake na yangu kwa salamu! Kawauliza watu wa Mbeya habari za watoto, za mvua, za ng'ombe wa kaka yake Usangu, mmoja mmoja. Oda za Mbeya sikutuma. Bwana Ezekia, meneja wetu, kasema zisipofika Ijumaa narudi kubeba magogo. Mimi! Mtu wa kalamu!

Jumanne, 16 Januari
Dawa yake nimeipata. Wakati huu wa vita kila mtu anamwogopa jasusi. Nikafunika maikrofoni kwa soksi, nikanguruma kwamba nawasikia nyote, na Chunya napajua. Loo! Maganga kakimbia kabla hajafika ng'ombe wa nne. Nikapeleka oda kwa raha zangu. Nusu tu, maana karani wa Mbeya naye akaingiwa na woga akazima. Nusu nyingine kesho.

Jumatano, 17 Januari
Mungu wangu. Maganga kashtaki! Kaja ofisa wa usalama, miwani myeusi, hacheki. Amri: vituo vyote kimya mpaka jasusi akamatwe. Bwana Ezekia kanisifu kwamba hakuna anayezijua sauti za masafa haya kama Ahmadi. Basi nimepewa kazi ya kujisaka mwenyewe! Tumekaa kutwa nzima, mimi na ofisa, tunanisubiri. Kila nikikohoa ananitazama. Jasho mpaka kwenye viatu, na baridi yote hii.

Alhamisi, 18 Januari
Saa nne ofisa katoka kunywa chai. Papo hapo Sista Kalista, wa hospitali ya Kilolo, kavunja amri. Hakutuita sisi. Kamwita adui! Kasema ndugu yangu adui, najua unasikia, wenzetu wamefungwa midomo. Ana mama wa kujifungua, mtoto kakwama tangu jana, gari lao bovu. Kama nawe ulizaliwa na mwanamke, waambie Iringa walete gari.

Nikapiga simu Iringa mbio mbio. Gari likatoka. Sasa Sista nani amjibu? Mafinga imekatazwa kusema. Adui hajakatazwa! Nikatoa soksi mfukoni, nikafunika maikrofoni, nikamwambia gari linakuja, amtulize mama, Mungu yupo.

Kugeuka, ofisa mlangoni, kikombe mkononi.

Ijumaa, 19 Januari
Nimelala mahabusu. Sikufumba jicho, kila buti likipita nikadhani ndio wananichukua. Asubuhi wameniachia. Mama mzima, mtoto mzima wa kiume, na Sista Kalista kaniombea hadi ofisa kachoka kumsikiliza. Nusu ya oda haikufika. Nabeba magogo, bega limevimba. Na zamu ya Mafinga kapewa nani? Maganga!

Jumapili, 21 Januari
Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa moja tu: adui alikuwa na huruma. Kesho, kupitia soksi ile ile, atasikika mkaguzi wa masafa kutoka Dar es Salaam. Huyo hamhurumii mtu. Naogopa mpaka meno yanagongana. Lakini dirisha la chumba cha redio halifungi vizuri, nimeshalijaribu.