Nyumba Sitini za Ambanoro

Jumatatu, 4 Juni 1962, Hell-Ville
Nimepata kazi ya serikali! Niulize nyumba sitini za Ambanoro: nani aliugua, alitibiwa wapi, dawa alipata? Majibu yatalinganishwa na ya mwaka jana. Mwenzangu Sittou kapewa kijiji kingine, akaondoka na mwavuli wake asubuhi na mapema. Mimi nimejaza fomu zote barazani kwangu. Wote wazima! Chai haijapoa.

Jumanne, 12 Juni
Telegramu kutoka Mahajanga. Mkubwa amefurahi: mwaka jana wagonjwa arobaini, mwaka huu hakuna hata mmoja! Basi mkunga Roukia hahitajiki tena Ambanoro. Anahamishwa Jumamosi. Balaa! Dada yangu Halimati anaishi huko, na mimba yake imetimiza miezi. Kaniuliza, "Chaïbou, mpumbavu gani kasema sisi hatuugui?"
Nikakohoa.

Jumatano, 13 Juni
Nimeandika fomu mpya. Safari hii wote wagonjwa. Sittou kazipitia, akasema mzee Oumouri hawezi kuwa na homa, tulimzika mwaka juzi. Mwanamke huyu hapitwi na kitu! Akasema ama twende mlango kwa mlango, ama atamweleza Halimati kila kitu. Nimechagua milango.

Alhamisi, 14 Juni
Miguu yangu! Bi Echata peke yake kanisimulia goti lake kwa Kimalagasi saa nzima. Lakini homa ipo kweli, nyumba kumi na tisa. Na Roukia kazalisha wanawake saba tangu mwaka uanze. Sikujua. Sittou kanisimamia nikaandika telegramu: fomu za kwanza nilizitunga mwenyewe. Kazi, kwaheri.

Jumamosi, 16 Juni
Roukia anabaki! Mimi nimekaripiwa tu. Na Halimati kajifungua binti. Mtoto alitanguliza miguu, Roukia akamtoa salama. Nimelia mbele ya shemeji, bila haya. Alhamdulillahi! Angekuwa ameshaondoka, ningemtazama nani usoni?

Jumatatu, 25 Juni, Mahajanga
Nimehamishiwa huku. Sasa niulize nyumba za Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Chombo kinayumba vibaya. Bahati nzuri, bandarini nimekutana na Athoumani, mzaliwa wa huko. Kanijibia kijiji kizima huku tukila sambusa. Anasema hajavuka kwenda kwao miaka sita, ila kumbukumbu anayo. Mtu wa maana sana!