Habari za Novatus, Soksi Yake ya Kushoto na Baraza la Msikiti

Sogeeni, enyi wa tambarare mnaokula vumbi la Same, nanyi wa juu mnaoamka na ukungu wa Mhezi. Sogeeni hata nyinyi wa Mwanga mliokuwa mkipita tu barabara kuu. Zimeni pikipiki, tueni magunia ya tangawizi, mkae chini kabisa, maana jambo hili halisikilizwi na mtu aliyesimama mguu mmoja. Hamkuitwa kusikia vita vya wafalme. Wafalme walikuwa na majeshi, na mwenye jeshi akishinda kuna ajabu gani? Mmeitwa kusikia habari za mtumishi wa umma mmoja, aliyesimama peke yake mbele ya baraza la msikiti saa nane mchana, na ndani ya kiatu chake cha kushoto amebeba siri.

Huyo ndiye Novatus mwana wa Erasmo, Mtendaji wa Kata, mpiga mihuri, mkagua vyoo, mtikisa mikutano, ambaye akichomoza tu kwenye kona watu huanza kufagia nyua zao kabla hajapiga hodi. Alikuwa ameshuka kutoka milimani kuitikia wito wa mafunzo ya siku tatu, nayo yaliitwa, kama bango la ukumbini lilivyotangaza kwa herufi kubwa, Kuielewa Jamii ya Kiislamu ya Leo kwa Watumishi wa Umma. Washiriki walikuwa ishirini na wanne: watendaji, wauguzi, walimu, polisi wawili na bwana mifugo mmoja aliyesinzia.

Aliyewaongoza alikuwa Mwalimu Shamimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Kila asubuhi aliandika ubaoni amri moja tu: USIKISIE. ULIZA. Kisha akawafundisha kwamba Waislamu wengi duniani hawaishi Uarabuni. Kwamba ndani ya msikiti mmoja utawakuta watu wasiokubaliana kuhusu mwezi wa Idi na bado wanakula pilau moja. Kwamba muuguzi asimwamulie mama wa hijabu nani amhudumie, amuulize mwenyewe. Novatus aliyanakili yote kwa kalamu ya bluu. Siku ya pili walipewa mtihani, naye akapata tisini na mbili kwa mia, alama ambazo hakuwahi kuzikaribia tangu azaliwe.

Sasa shikeni mioyo, tuifikie soksi.

Siku ya kuondoka nyumbani, mkewe Dorkas alikuwa amesimama mlangoni na jozi mpya mkononi.

"Baba Gideoni, chukua hizi. Hizo ulizovaa zimeshaanza kucheka."

"Mama Gideoni," alijibu shujaa, kifua mbele, "hizo mpya ni za Krismasi. Mimi nakwenda kwenye mafunzo, siendi kupimwa miguu. Katika wilaya hii nzima, nani mwenye ubavu wa kumvua Mtendaji wa Kata viatu?"

"Haya. Mimi nimesema."

Na Dorkas akisema "mimi nimesema", mjue amefungua jalada, na jalada lake halifungwi mpaka haki itendeke. Novatus alishuka na jozi moja, akaifua kila jioni kwenye beseni la nyumba ya wageni, na kila ilipofuliwa tundu la kushoto likapanuka, hata asubuhi ya tatu kidole gumba kikawa kinatoka kifua wazi kama mgombea jukwaani.

Ndipo Mwalimu Shamimu aliposema, kwa sauti yake ile ndogo, maneno yaliyotikisa ukumbi, au walau kiti kimoja cha ukumbi.

"Ndugu washiriki, mchana tutatembelea msikiti. Mzee Iddi, imamu, atatupokea. Viatu tutaviacha nje. Na neno la shukrani, mbele ya Katibu Tawala, litatolewa na aliyeongoza mtihani, Ndugu Novatus."

Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Edgar, mtendaji wa kata jirani, mtani na mshindani wake wa miaka tisa, mtu anayepiga picha hata chai, kisha kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la watendaji na wake zao. Na Dorkas alikuwa humo, tena hulala wa mwisho. Novatus aliiona picha ile kabla haijapigwa: yeye, mkagua nyua za watu, amesimama mbele ya Katibu Tawala na kidole kinachungulia. Ni nani tena atakayefagia akimwona? Na uso wa Dorkas angeutazama vipi?

Hapo vita vikaanza. Alijifungia chooni, akahamisha soksi ya kushoto mguu wa kulia. Tundu likaangukia vidole vidogo, na badala ya mheshimiwa mmoja wakatoka wajumbe wawili. Akairudisha. Akaikunja chini ya vidole na kuvibana, akatembea hivyo mpaka kwenye gari.

"Mtani, umekanyaga mwiba?" Edgar aliuliza.

"Nimekanyaga fikra nzito," alijibu Novatus, na jasho lilikuwa linamtoka kweli.

Walifika. Wenzake wakavua, wakapanga viatu, wakajongea kwenye kivuli cha baraza. Novatus akabaki juani, ameinamia kamba za kiatu ambazo alikuwa amezifungua na kuzifunga mara nne. Akakihutubia kidole chake kwa sauti ya chini:

"Ewe mzaliwa wa Mhezi! Nimekulea kwenye baridi, nimekutoa funza kwa pini kwa mkono wangu mwenyewe, nimekununulia kiatu cha ngozi wakati wenzako wanatambaa na kandambili. Leo, siku ya heshima yangu, ndiyo umechagua kujitokeza?"

Edgar alikuwa ameshatoa simu.

Aliwaza kusingizia tumbo. Aliwaza kuzimia, na kwa jua la Same angeaminiwa. Lakini akilini ikamjia ile amri ya ubaoni, aliyoinakili asubuhi tatu mfululizo na kuipigia mistari miwili. Tisini na mbili kwa mia! Na saa nzima hii alikuwa anafanya nini kama si kukisia? Aliona aibu, aibu halisi, kubwa kuliko ya soksi.

Mzee mmoja wa kanzu nyeupe alikuwa amesimama juu ya ngazi akimsubiri.

"Shikamoo mzee," alisema Novatus, akinyooka kama anayepokea hukumu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unajianika?"

"Mzee Iddi! Mimi Novatus mwana wa Erasmo nimesimamia chaguzi mbili na kuvunja ugomvi wa mifereji uliodumu vizazi vitatu, wala sijawahi kurudi nyuma. Lakini leo sijui, na nimefundishwa nisikisie. Nauliza basi, mbele ya hadhara hii: je, mtu asiye na soksi anaruhusiwa kuingia?"

Hata bwana mifugo aliamka.

Mzee Iddi alitazama miguu yake mwenyewe, na watu wote wakaitazama. Ilikuwa mitupu, misafi, yenye magaga ya mkulima.

"Mwanangu, nina miaka sabini na mbili na soksi sijawahi kumiliki. Miguu tunaiosha mara tano kwa siku. Ningezivaa saa ngapi?"

Enyi mliokaa chini, mlikuwepo? Basi sikieni. Novatus akavua kiatu, akavua soksi ya kulia, akavua ile ya kushoto, akazisokomeza mfukoni, na akakanyaga sakafu ile ya baridi kwa vidole kumi visivyo na deni la aibu kwa mtu. Nyuma yake ukasikika mnong'ono, kisha kishindo cha watumishi wa umma wakivua soksi kwa pupa. Muuguzi alikuwa na tundu la kisigino. Polisi mmoja alikuwa na soksi za rangi mbili. Na Edgar, enyi watu, soksi za Edgar zilikuwa za juu tu; chini hakukuwa na kitu.

Neno la shukrani lilidumu dakika kumi na moja. Picha ikapigwa na kutupwa kundini, jozi ishirini na nne za miguu mitupu na ya Katibu Tawala ya ishirini na tano, na kabla gari halijawashwa simu ya shujaa ikalia.

"Hongera kwa hotuba," aliandika Dorkas. "Soksi ziko wapi?"

Novatus akaandika: Nimevua kwa heshima. Akafuta. Akaandika: Joto la huku, mama Gideoni. Akafuta. Mafunzo yalikuwa yamekwisha, cheti kilikuwa mkononi, na hakuna sheria ya utumishi iliyomlazimisha kwenda mbali zaidi. Akapumua, akaandika kwa kidole gumba, cha mkononi safari hii:

"Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Wekeni tarehe, enyi watunza kumbukumbu wa Upare yote, juu na tambarare. Soksi zenye matundu zimekuwepo tangu zamani. Lakini wazee wa Mhezi wameulizwa mmoja mmoja, na hakuna anayekumbuka Mtendaji wa Kata kumwandikia mkewe maneno hayo. Dorkas ameyahifadhi kwenye simu, na jalada limefungwa.