Mdudu Wangu wa Kijani Si Yuglina

Jumatatu, 5 Mei
Nimegundua kiumbe! Mie, Ansbert, mtunza maabara, miaka kumi na moja naosha bika za sekondari hii ya Tabata. Leo wanafunzi walipokwenda kula nimechota maji ya dimbwi lililo nyuma ya vyoo, tone moja, nikaliweka chini ya hadubini. Kuna kitu. Kijani kama jani, ila kinaogelea! Kina doa jekundu kama jicho, na mjeledi mwembamba wa kujivutia mbele. Seli moja tu, na kina shughuli kuliko ofisi nzima ya walimu. Mmea hauogelei. Mnyama hawi kijani namna hiyo. Kwa hiyo ni kipya duniani. Nimekiita Ansbertia tabatensis. Jioni nimemweleza mke wangu, Genoveva. Kauliza kama kinaliwa.

Jumanne, 6 Mei
Mwalimu Godlisten wa biolojia. Ana miaka miwili tu hapa na tayari kapewa kiti cha kuzunguka. Kanipa shikamoo kwa adabu zote, kainama kwenye hadubini sekunde tatu, kisha kasema hiyo ni yuglina, ipo kitabuni, watoto wanaichora kila mwaka. Wivu! Nimekifungua kitabu. Picha ipo kweli. Kijani, jicho jekundu, mjeledi. Lakini ya kitabuni imeelekea kushoto. Yangu ilielekea kulia.

Jumatano, 7 Mei
Jumamosi ni siku ya wazazi. Nimekwenda kwa mkuu wa shule, Madam Apolonia, kuomba meza ya maonyesho. Kauliza kama safari hii kutakuwa na moto. Nimesema hakuna. Kauliza tena. Nimepewa meza ya karibu na mlango wa kutokea.
Sasa kazi ni kuwazidisha. Nimeazima bakuli la kioo la Genoveva (hajui), nimetia maji ya dimbwi, nyasi zilizochemshwa na mavi ya kuku kidogo. Mmoja anajigawa wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Hakuna posa, hakuna mahari. Kufika Jumamosi nina jeshi. Nimelifungia bakuli kabatini Godlisten asije akaniibia.

Ijumaa, 9 Mei
Maafa! Nimefungua kabati, harufu ikanitangulia kutoka. Wa kijani hata mmoja hayupo. Badala yake wamejaa wengine, hawana rangi, wana umbo la soli ya ndala, vinyweleo mwili mzima, wanakatiza mbio kama wamechelewa kazini. Godlisten kapita, kasema kwa upole kwamba hao ni paramesiamu, wamefuata bakteria walioletwa na mavi ya kuku, na wale wa kijani nimewanyima mwanga. Upole wake ndio unaoniudhi.
Nimekaa. Nimefikiri. Jibu limekuja: hawajafa, wamegeuka! Kiwavi anageuka kipepeo na hakuna anayemcheka. Nimeandika bango jipya. Genoveva kauliza bakuli la kicheni pati yake liko wapi. Nimesema lipo shuleni, linasomesha.

Jumamosi, 10 Mei
Kwenye meza ya Godlisten, wazazi. Kwenye yangu, nzi. Mwishowe kaja Somoe, nesi wa zahanati ya jirani, mwanawe yuko kidato cha pili. Kasoma bango lote, kauliza maji nimeyatoa wapi. Kabla sijafumbua mdomo Godlisten kaita kutoka kule kwamba watoto wasiyaguse, ni ya nyuma ya vyoo. Ukumbi mzima umesikia!
Nikaiona miaka yangu kumi na moja inazama. Nikasema kwa sauti, "Viumbe wangu hawamdhuru mtu!" Nikachukua kijiko. Somoe akasema, "Baba, weka chini hicho."
Nikanywa. Vijiko viwili, maana cha kwanza waliokaa nyuma hawakukiona.
Mzazi mmoja akakimbilia nje, mkono mdomoni. Madam Apolonia alijifunika uso kwa ratiba. Lakini walionitazama ni wote, na meza ya Godlisten ilibaki tupu!

Alhamisi, 15 Mei
Siku ya tano tangu ninywe. Nimeandika kwenye grupu la walimu: MZIMA. Godlisten kajibu kwa dole gumba. Kashindwa huyo.

Jumatatu, 19 Mei
Tumbo. Sielezi.
Zahanati nimemkuta Somoe. Hakuniuliza kitu, kanipa kikopo. Baadaye nimelazimisha nione kwa hadubini yao. Ee Mungu! Umbo la pea, mijeledi lukuki, na viini viwili kama macho, yananitazama! Kasema inaitwa jiadia, mimi ni wa tano tangu asubuhi. Kanipa vidonge vya siku tano, nisiache hata kimoja. Vinaacha ladha ya msumari mdomoni.

Jumatano, 21 Mei
Godlisten kaja nyumbani na machungwa. Kasema tangu Jumamosi ile watoto wanapanga foleni maabara wakati wa mapumziko, wanataka kuona dimbwi ndani ya tone. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona yuglina iliyo hai tangu atoke chuo, hadi alipoinama kwenye hadubini yangu. Kaniomba nisimame naye darasani niwaonyeshe, maana jicho la kuwatafuta ninalo mimi. Kaniita "mwalimu mwenzangu". Nikamjibu nitakubali akikiri kwamba yangu haikuwa yuglina. Kacheka, kamuaga Genoveva, kaondoka. Genoveva kaenda kumenya chungwa lake peke yake.

Alhamisi, 22 Mei
Nimefikiri usiku kucha. Hao wanne waliopimwa kabla yangu wana jiadia za kawaida. Yangu ilinitazama usoni. Ilinijua!
Nimeacha vidonge. Haiwezekani nimeze sumu niangamize kizazi kipya kabla dunia haijakiona. Tumbo linanguruma, wanajigawa, wanazidi, mambo yanakwenda vizuri. Naandika haya chooni. Genoveva anagonga mlango, anasema, "Baba Brightson, umemeza dawa?"
Nimemjibu asinisumbue, nipo kazini.