Mti wa Picha za Pete

Jumamosi, 3 Mei 2025
Nimenunua mti. Birch, ile inayoinamisha matawi mpaka chini. Sababu ni moja: mwezi wa saba binti yangu Ummukulthum anavishwa pete, na mke wangu Hayat anataka picha zipigwe chini ya mti wa namna hii. Jirani yetu Hemant anao. Picha za mwanangu zipigwe kwa Hemant, na mimi nina bustani? Mtaa wetu wote wa Harrow utanicheka. Nimeupanda mwenyewe. Mgongo sina.

Jumapili, 15 Juni
Habari njema. Kwenye shina, chini ya matawi, kimechipuka kitawi kimesimama wima, chenye afya kuliko vyote. Hemant kachungulia juu ya ua. Kasema mti huu ni miti miwili iliyounganishwa shinani: juu ndiyo inayoinama, chini ni birch ya kawaida tu. Kitawi hicho nikikate leo leo, la sivyo kitaunyonya mti wote. Nimemshukuru kwa adabu. Kikulacho ki nguoni mwako! Ameona wangu utaupita wake, roho inamuuma. Nimekisomea kitawi dua ya kukinga hasidi, kisha nikakitilia mbolea.

Jumamosi, 5 Julai
Kitawi kimekipita kilele. Matawi yanayoinama yamenywea, yanakula chakula cha mwenzao bure. Nimeyakata yote. Hayat kauliza nimefanya nini. Nimemwambia asubiri. Kasema anasubiri tangu tuoane.

Jumamosi, 19 Julai
Wageni wamefika. Mpiga picha kauliza mti uko wapi. Nimemwonyesha. Kauliza tena.

Hemant kafungua geti lake, kafagia chini ya mti, mkewe Alka kaleta chai na kachori. Picha zote zimepigwa huko. Moyo umeniuma, sikatai. Lakini Ummukulthum alivyopendeza chini ya yale matawi, nimejikuta nafuta machozi mbele za watu.

Jumapili, 20 Julai
Hemant kabisha hodi na zawadi: birch mpya ya kuinama, kwa ajili ya picha za harusi. Nimeona haya. Mtu mwema kabisa, nami nilimdhania vibaya. Tumeupanda pamoja. Wakati wa kuaga kanisisitizia niumwagilie kila jioni, maana joto hili litauua.

Nimekaa kwenye ngazi nikiwaza. Kila jioni? Mizizi si itaoza?

Mpira wa maji nimeufungia bandani.